Homstedi: ekari 160, miaka mitano na majirani wawili

Ukisoma habari za familia zilizohamia magharibi mwa Marekani karne ya 19, utakutana na neno homstedi. Wengi hulifasiri kuwa ni "shamba la bure", na hapo ndipo wanapopotoka. Homstedi ni kipande cha ardhi ya serikali, kwa kawaida ekari 160, ambacho mtu alikabidhiwa kwa masharti. Hakikuwa mali yake mpaka athibitishe kwamba ameyatimiza.

Sheria ya homstedi ilitiwa saini na Rais Abraham Lincoln tarehe 20 Mei 1862. Mwombaji awe na miaka 21 au awe mkuu wa kaya, awe raia au ametangaza nia ya kuwa raia, na asiwe amewahi kushika silaha dhidi ya Marekani. Mwanamke asiye na mume aliruhusiwa. Ada zote zilifika dola 18 hivi. Kisha ajenge, ahamie, alime, akae miaka mitano. Kanada nayo ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1872, kwa dola 10 na miaka mitatu.

Kwetu neno mlowezi humleta akilini setla wa Kenya, aliyekodishiwa ardhi hadi miaka 999 chini ya sheria ya 1915 na kulimiwa na vibarua. Mwenye homstedi kwa kawaida alilima mwenyewe na wanawe. Lakini katika jambo moja hawa wawili ni ndugu: ardhi waliyopewa ilikuwa na wenyewe. Tambarare za jimbo la Kansas zilikuwa za Wapawnee, Wacheyenne na mataifa mengine yaliyoondolewa kwa mikataba na kwa jeshi. Anayeeleza homstedi bila kulitaja hilo ameeleza nusu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Nicodemus, mji ulioanzishwa mwaka 1877 katika kaunti ya Graham, Kansas, na Wamarekani weusi, wengi wao kutoka Kentucky, waliokuwa watumwa miaka 12 tu kabla ya hapo. Walishuka treni kituo cha Ellis, wakatembea zaidi ya kilomita 50 hadi kwenye mto Solomon. Kundi lililofika mwaka uliofuata lilipigwa na surua pale Ellis, na baadhi ya watoto wakafa kabla ya kuuona mji.

Willianna Hickman alikuwa kwenye kundi hilo, naye ni mgonjwa. Wanaume walipopaza sauti kwamba Nicodemus ile pale, alitazama kwa macho yake yote asione nyumba hata moja. Mumewe akamwonyesha moshi uliokuwa ukitoka ardhini, hapa na pale. Hiyo ndiyo Nicodemus. Watu walikuwa wakiishi kwenye mashimo yaliyochimbwa ubavuni mwa vilima. Mama huyo alilia.

Mashimo hayo yalikuwa na sababu. Prari, yaani zile mbuga pana za nyasi, hazina miti ya kutosha kujengea. Aliyekuwa na plau alikata mabonge ya udongo ulioshikwa na mizizi ya nyasi, akayapanga kama matofali. Asiye na plau alichimba. Wengi wa Nicodemus hawakuwa na plau wala farasi, kwa hiyo ekari za kwanza zililimwa kwa jembe la mkono. Wazee wao husimulia kwamba baridi ya kwanza Waosage, taifa jingine la wenyeji, waliokuwa wakirudi kutoka kuwinda waliwagawia nyama.

Basi mahali kama hapo kiongozi anatoka wapi? Jibu langu: kwenye makaratasi. Kila kipande cha ardhi kilikuwa na namba, na mpaka wake pengine ulikuwa kigingi kilichofunikwa na nyasi. Ukikosea namba, umejenga kwa jirani. Kwa watu walionyimwa shule utumwani, aliyeweza kusoma ramani na kujaza fomu alikuwa nguzo ya kijiji. Jenny Fletcher alifundisha watoto ndani ya shimo la namna ile ile, na mumewe Zachary akaanzisha posta ya mji.

Mwaka 1878 alifika Edward McCabe, mzaliwa wa Troy, New York, aliyewahi kuwa karani Wall Street, mtaa wa fedha wa New York, na Chicago. Alifanya uwakala wa ardhi, akiwasaidia wageni kupata viwanja vyao. Kaunti ilipoundwa mwaka 1880, gavana alimteua karani wa muda wa kaunti hiyo, na mwaka uliofuata wapiga kura wakamthibitisha. Mwaka 1882 alichaguliwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima, mtu mweusi wa kwanza kushika cheo cha namna hiyo Kansas, akachaguliwa tena 1884. Miaka minne tu tangu afike kwenye moshi ule!

Mji wenyewe haukuwa na bahati kama ya McCabe. Mwaka 1887 wakazi walipiga kura kutoa dola 16,000 ili reli ipite kwao. Haikupita. Mwaka 1888 reli ya kampuni nyingine ilijengwa kusini mwa mto, na wenye maduka wakayahamishia huko, majengo na yote.

Sasa, wale majirani wawili. Miaka mitano ikiisha, mwenye homstedi alikwenda ofisi ya ardhi na mashahidi wawili wanaomjua. Waliulizwa kwa kiapo: nyumba ina ukubwa gani, kisima kipo, amelima ekari ngapi, amewahi kuondoka kwa muda gani? Wakiridhisha, hati ilitolewa. Faili hizo zimehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa za Marekani, na mjukuu anaweza kuomba nakala, akasoma jirani alivyoihesabu milango ya nyumba ya babu yake.