Kodi waliyoikataa na kodi waliyoilipa: makoloni 13 ya Marekani yalivyofika kwenye uhuru

Kila ninapofundisha mapinduzi ya Marekani, swali la kwanza darasani huwa lile lile: hiyo kodi ilikuwa nzito kiasi gani? Naelewa linakotoka. Wanafunzi wangu wamekua wakisikia habari za kodi ya kichwa, za mababu waliofungwa kwa kukosa shilingi chache, za vijana walioacha mashamba yao wakaenda kukata mkonge ili wapate cha kumpa karani wa bwana shauri. Wanatarajia kusikia kwamba watu wa Boston nao walikamuliwa hivyo. Hawakukamuliwa. Mkazi wa London alikuwa akilipa kodi kubwa mara nyingi kuliko mkazi wa Massachusetts.

Kwa hiyo ukisimulia habari hii kama hadithi ya mzigo uliozidi, utakwama mapema. Mimi huwaambia wafuatilie jambo jingine: watu walifanya nini pamoja walipokuwa wanaikataa kodi ile.

Chanzo ni deni. Vita vya Miaka Saba viliisha mwaka 1763, Uingereza ikaichukua Kanada kutoka kwa Wafaransa, lakini ushindi ule ulikuwa umenunuliwa kwa mkopo. Deni la taifa lilikuwa limekaribia kuongezeka maradufu. Juu yake London iliamua kubakiza Marekani askari wapatao 10,000, na waziri mkuu George Grenville akaona ni haki wanaolindwa nao wachangie.

Hatua yake ya kwanza, Sheria ya Sukari ya 1764, ilikuwa ya kupunguza. Tangu 1733 molasi ya kutoka visiwa vya Wafaransa, ambayo watu wa Boston na Rhode Island waliipika ramu, ilitozwa peni 6 kwa galoni. Wengi hawakuzilipa. Mzigo ulipita kwa magendo, ofisa wa forodha akapewa chake, mambo yakaenda. Grenville akaushusha ushuru hadi peni 3, kisha akaagiza ukusanywe kweli kweli. Manowari zikatumwa kuwinda magendo, na kesi zikaweza kupelekwa kwenye mahakama za bahari ambako jaji aliamua peke yake, bila jopo la raia. Hapo ndipo palipouma. Mfanyabiashara aliyezoea kuhukumiwa na majirani zake sasa angeweza kuburutwa hadi Halifax, mamia ya maili kutoka kwake.

Halafu ikaja stempu. Sheria ya Machi 1765 ilisema hati ya mahakama, mkataba, leseni, gazeti, hata karata za kuchezea, lazima viwe na muhuri uliolipiwa, tena kwa fedha ya Kiingereza ambayo ilikuwa adimu makoloni. Grenville aliwagusa kwa mkupuo mmoja mawakili, wachapaji, wafanyabiashara na wenye vilabu vya pombe, watu wenye kalamu, wenye matbaa na wenye mahali pa watu kukusanyika. Sidhani kama angeweza kujichagulia maadui wenye sauti kubwa zaidi. Tarehe 14 Agosti sanamu ya Andrew Oliver, aliyeteuliwa kugawa stempu Boston, ilikutwa ikining'inia kwenye mti mkubwa. Siku kumi na mbili baadaye umati uliivunja nyumba ya Thomas Hutchinson, naibu gavana. Sheria ilipofika siku yake ya kuanza, 1 Novemba, karibu kila koloni lilikuwa halina mgawaji wa stempu. Walikuwa wamejiuzulu kwa hofu.

Walidai nini? Tusiwawekee maneno ya baadaye. Wajumbe wa makoloni tisa waliokutana New York Oktoba 1765 walianza kwa kutangaza utii wao kwa mfalme George III. Hoja yao ilikuwa ya Waingereza: Mwingereza hatozwi kodi ila kwa ridhaa ya wawakilishi wake, na sisi hatuna mbunge London. Wakajibiwa kwamba hata Manchester na Birmingham hazina mbunge wao, na kila mbunge anawakilisha watu wote wa milki. Jibu hilo halikumshawishi mtu yeyote ng'ambo ya Atlantiki. Kule watu walikuwa wamezoea kumchagua mjumbe wanayemjua, anayeishi kwao, anayerudi kijijini kueleza alichofanya.

Pamoja na maombi hayo walitumia silaha nyingine, kususia bidhaa za Uingereza. Wafanyabiashara wa London waliokosa wateja wakalilalamikia Bunge, na tarehe 18 Machi 1766 sheria ya stempu ikafutwa. Siku hiyo hiyo Bunge likatangaza kwamba lina mamlaka ya kutunga sheria juu ya makoloni katika kila jambo. Boston walisherehekea, wengi bila kuisoma vizuri sheria ile ya pili.

Duru iliyofuata, ushuru wa Townshend wa 1767 juu ya vioo, rangi, madini ya risasi, karatasi na chai, ilikwenda kwa mtindo ule ule, ila mgomo sasa uliingia ndani ya nyumba. Wanawake walikusanyika na magurudumu yao ya kusokotea uzi, wakafuma nguo ili wasinunue za Uingereza. Chai ikawa jambo la siasa kwa sababu mwenye birika ndiye mwenye uamuzi. Askari waliotua Boston mwaka 1768 waliishia kuua watu watano barabarani tarehe 5 Machi 1770, akiwemo Crispus Attucks, baharia mwenye asili ya Kiafrika. Siku hiyo hiyo waziri mkuu Lord North alikuwa London akilieleza Bunge nia ya kuondoa ushuru wote isipokuwa wa chai, peni 3 kwa ratili, ibaki kama alama ya mamlaka.

Alama hiyo iliigharimu Uingereza makoloni yote 13. Mwaka 1773 Kampuni ya Uhindi ya Mashariki ilikuwa imelemewa na shehena kubwa ya chai isiyouzika, na Bunge likairuhusu kuipeleka Marekani moja kwa moja. Bei ingeshuka, pengine hata chini ya chai ya magendo. Ndiyo maana wapinzani waliogopa: watu wangeinunua kwa urahisi wake, na kila kikombe kingekuwa kukubali kwamba Bunge lina haki ya kutoza.

Meli ya Dartmouth iliingia bandarini Boston mwishoni mwa Novemba. Kwa kanuni za forodha ilikuwa na siku 20 kulipia mzigo, la sivyo ukamatwe. Watu walitaka irudi na chai yake. Hutchinson, sasa gavana, alikataa kuiruhusu iondoke. Usiku wa 16 Desemba, siku moja kabla ya muda kwisha, watu wengine wakiwa wamejipaka masizi usoni walipanda Dartmouth, Eleanor na Beaver, wakapasua makasha 342 na kuyamwaga. Maji yalikuwa yamekupwa. Yeyote aliyekulia pwani anajua bamvua inavyoacha nchi kavu gatini. Chai ilirundikana kando ya meli kama majani makavu shambani, ikabidi waisukume mbali kwa mikono. Kesho yake wengine walitoka na mitumbwi, wakaipiga kwa makasia mpaka izame, asije mtu akaikusanya. Mali nyingine ya melini hawakuigusa. Kufuli moja iliyovunjwa ililipwa.

London ikaifunga bandari ya Boston kuanzia Juni 1774 na kuipokonya Massachusetts sehemu kubwa ya madaraka ya kujichagulia viongozi. Makoloni mengine yangeweza kusema "yamewakuta wenyewe". Badala yake yalituma nafaka na kondoo kuilisha Boston, na Septemba wajumbe wa makoloni 12 wakakutana Philadelphia katika Kongresi ya Bara.

Hapa ndipo huwaomba wanafunzi wangu wapunguze mwendo, maana hati waliyokubaliana pale, mkataba wa kususia bidhaa, husomwa na wachache. Kila wilaya, mji na kijiji kiliagizwa kuchagua kamati ya kuangalia mwenendo wa watu wote. Anayevunja mgomo atajwe gazetini na asishughulikiwe na mtu. Mfanyabiashara asipandishe bei kwa sababu ya uhaba. Kondoo wasichinjwe ovyo, ili sufu ipatikane. Hata msibani: mwanamume avae utepe mweusi tu, na ule utaratibu wa kugawa glavu na skafu kwa waliokuja kuzika ukome.

Baraza linaloweza kukuambia uvae nini ukimzika mzazi wako, nawe ukatii, tayari ni serikali. Halijajiita hivyo tu. Kamati zile zilikagua leja za maduka, zikasikiliza mashauri, zikasimamia mazoezi ya wanamgambo. Na tarehe 28 Oktoba 1774 baraza jipya la Massachusetts lilimteua Henry Gardner kuwa mpokeaji wa kodi, likaiambia miji impelekee yeye fedha ambazo zingekwenda kwa mweka hazina wa gavana. Kwangu mimi tarehe hiyo ina uzito kuliko usiku wa chai. Magendo yote ni kukataa kodi, na hayakumpa mtu uhuru. Kuanza kumlipa mwingine kwa hiari ni jambo jingine.

Bado wengi hawakutaka kujitenga. Risasi za kwanza kati ya askari wa Uingereza na wanamgambo zililia Lexington, karibu na Boston, tarehe 19 Aprili 1775, na Julai Kongresi bado ilimwandikia mfalme kuomba suluhu. Naye mwezi uliofuata akawatangaza waasi. Januari 1776 kijitabu cha mwandishi Thomas Paine kikasema wazi ambacho wengine waliogopa: tatizo ni ufalme wenyewe. Katika Azimio la Uhuru la Julai, kodi imepewa mstari mmoja mfupi katikati ya orodha ndefu ya malalamiko.

Watu waliosikia lugha hiyo ya haki na kuichukua kwa uzito wote walikuwa watumwa. Karibu mtu mmoja kati ya watano makoloni alikuwa mtumwa, na tangu 1773 baadhi yao Massachusetts walikuwa wamepeleka maombi ya uhuru wao kwenye baraza. Hawakupewa. Siwezi kufundisha somo hili bila kusimama hapo.

Machi 1778 Bunge la Uingereza lilisalimu amri kwenye lile suala la mwanzo. Lilipitisha sheria ya kuahidi kutowatoza kodi watu wa makoloni kwa ajili ya mapato, na ushuru wa chai ukafutwa. Wajumbe walivuka bahari kuipeleka habari hiyo, wakafika Juni. Kongresi iliwajibu kwamba itazungumza iwapo tu uhuru utatambuliwa au majeshi yataondolewa.