Anime: lawama za bure na lawama za haki

Mpenzi wa anime, yaani katuni za Kijapani, huzungukwa na maneno pande zote. Wasioitazama humwambia anatazama katuni za watoto. Wanaoitazama hugombana wao kwa wao kuhusu studio ipi imeharibu msimu upi. Anime ina kasoro nyingi za kweli, ila lawama nyingi humwangukia asiyehusika, kwa sababu watazamaji wachache wanajua episodi moja inavyotengenezwa.

"Ni katuni za watoto"

Za watoto zipo, tena nzuri. Sazae-san, inayohusu maisha ya kila siku ya familia moja ya Tokyo, imekuwa hewani Jumapili jioni tangu Oktoba 1969. Lakini sehemu kubwa ya anime mpya hurushwa Japani usiku wa manane, watoto wakiwa wamelala. Manga, yaani vitabu vya hadithi za michoro vya Kijapani, zinazozaa anime nazo hugawanywa kwa umri: shonen kwa wavulana, shojo kwa wasichana, seinen na josei kwa wanaume na wanawake watu wazima. Filamu ya Hotaru no Haka ya mwaka 1988, iliyoongozwa na Takahata Isao, inaonyesha ndugu wawili wakifa njaa karibu na Kobe mwaka 1945, vita vilipoisha. Hata shonen si salama kwa kila mtoto: filamu ya Demon Slayer ya 2020, Mugen Train, ilipewa daraja la PG12 Japani (walio chini ya miaka 12 wahitaji ushauri wa mzazi) na R Marekani (walio chini ya miaka 17 waingie na mtu mzima). Mzazi aangalie daraja la umri kwanza, asiridhike kwa kuwa picha zimechorwa.

"Haitembei vizuri kwa sababu ya ubahili"

Hapa kuna ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye utamu.

Picha za filamu hupita fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde. Kwenye anime ya televisheni mchoro mmoja mara nyingi huachwa ukae fremu tatu, kwa hiyo jicho hupata michoro 8 kwa sekunde. Mhusika akisimama kuongea, kinachochezeshwa ni mdomo peke yake, kwa michoro mitatu: umefungwa, umefunguka nusu, umefunguka. Sasa piga hesabu. Ukiondoa wimbo wa kufungulia na wa kufungia, kila mmoja sekunde 90, episodi hubaki na dakika 20 hivi, sawa na fremu 28,800. Michoro ya mwendo inayochorwa kwa episodi ya kawaida ni kati ya 3,000 na 5,000 hivi. Mwongozaji hana budi kuamua wapi ataitapanya na wapi ataibana.

Ubahili ulikuwepo mwanzoni, tusiufiche. Tarehe 1 Januari 1963 studio ya Tezuka Osamu, Mushi Production, ilianza kurusha Tetsuwan Atomu (Astro Boy), episodi moja kila wiki, kwa bei isiyofikia gharama. Ili wasikwame walirudia michoro ya episodi zilizopita, wakasogeza kamera juu ya picha tuli, wakatikisa mandhari badala ya mhusika. Ila wachoraji waliokuja baadaye waligeuza uhaba ule kuwa ufundi. Kanada Yoshinori, aliyeanza kung'ara miaka ya 1970, alikuwa akiukawiza mchoro mmoja kisha kurusha kadhaa kwa kasi, na pigo likaonekana zito kuliko ambavyo mwendo laini ungeweza kulifanya. Mhusika anayeganda sekunde tatu kabla ya kujibu, huku upepo na wadudu vikisikika, humpa mtazamaji nafasi ya kuhisi. Huo ni uzuri wa anime ambao ni vigumu kuupata kwingine, na umetokana na michoro michache.

Ndiyo maana zile video za mapigano "zilizoongezwa hadi fremu 60" zinaharibu kazi. Programu hubuni picha za katikati pale mchoraji alipokusudia mruko, na ngumi hugeuka uji. Televisheni za kisasa hufanya vivyo hivyo bila kukuuliza. Ingia kwenye mipangilio ya picha na uzime kipengele cha kulainisha mwendo: LG hukiita TruMotion, Sony Motionflow, Samsung Auto Motion Plus au, kwenye televisheni mpya, Picture Clarity. Na anayetazama kwa simu kwenye 360p ili kuokoa bando asihukumu mchoro wa mapigano. Vile vibonge vya rangi vinavyozuka mambo yakipamba moto ni matokeo ya kubana video, havikuchorwa na mtu. Eneo hilohilo litazame kwa 720p kwanza.

Kuhusu midomo kutolingana na maneno: Japani sauti kwa kawaida hurekodiwa baada ya picha, na mara nyingi waigizaji husoma mbele ya michoro ambayo haijakamilika. Filamu ya Akira ya 1988 ilikwenda kinyume, sauti zikatangulia na michoro ikafuata. Itazame midomo yake, tofauti utaiona bila kuambiwa.

"Episodi imechorwa vibaya, basi bajeti imeisha"

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote miongoni mwa wapenzi wenyewe. Kinachoisha mara nyingi ni siku.

Episodi ina vipande vya picha 300 hivi. Kila kipande huanzia kwenye ubao wa picha wa mwongozaji (storyboard, michoro ya awali ya kupangia matukio), kikaenda kwa mchoraji mkuu anayepanga kamera na mikao, kikarudi kukaguliwa, kisha msimamizi wa michoro akasahihisha nyuso na miili kwenye karatasi ya juu yake, mara nyingi ya njano. Baada ya hapo wachoraji wa kati hujaza michoro inayounganisha mikao, wengine wakapaka rangi, wengine wakachora mandhari, na mwishoni vyote vikaunganishwa pamoja na mwanga na vivuli. Ukichelewa mwanzo, wa mwisho hawana pa kufidia. Msimamizi aliyehitaji wiki kadhaa hupewa siku chache, hurekebisha nyuso za karibu tu na kuziacha za mbali, na michoro ya kati husambazwa kwa haraka Korea Kusini, China, Ufilipino au Vietnam bila muda wa kuirudisha ikikosewa. Mhusika akiwa na sura tatu katika dakika moja, sababu ni hiyo. Soma majina ya mwishoni: ukikuta wasimamizi wa michoro kumi au zaidi kwa episodi moja, kwa kawaida kazi iligawanywa ili kukimbizana na tarehe.

Fedha nazo zina kisa chake. Anime nyingi hugharamiwa na kamati ya kampuni kadhaa: mchapishaji wa manga, kampuni ya muziki, televisheni, watengenezaji wa vinyago. Studio hulipwa ujira wa kazi, na isipokuwa nayo imeweka mtaji, faida ya mauzo haiifikii. Anime inaweza kupendwa dunia nzima na mchoraji wake asione tofauti. Mchoraji wa kati anayejitegemea amekuwa akilipwa takriban yen 200 kwa mchoro. Akimaliza michoro 400 kwa mwezi, mkononi ana yen 80,000, na hiyo haikidhi maisha ya Tokyo. Vijana wengi huacha kazi kabla hawajakomaa, na wasimamizi wenye uzoefu wanazidi kugombewa. Studio ya Kyoto Animation ilichagua njia ya kuajiri wachoraji kwa mshahara na kuwafundisha yenyewe, na usawa wa kazi yake kutoka episodi hadi episodi unaonekana wazi. Kwetu sisi hii ndiyo kasoro kubwa kuliko zote za anime, na inasikitisha kuona hasira za mashabiki zikimwagwa mitandaoni juu ya mchoraji aliyekesha.

Kwa sababu hiyohiyo, jina la studio peke yake halitoshi kutabiri ubora. One-Punch Man ya 2015 ilitoka studio ya Madhouse, lakini nguvu yake ilikuwa wachoraji wa kujitegemea waliokusanyika kumzunguka mwongozaji Natsume Shingo. Msimu wa pili, 2019, ulibadilisha studio na mwongozaji pia. Fuatilia majina ya watu.

"Picha inafifia kwenye mapigano, wamekosea"

Wamefanya makusudi. Tarehe 16 Desemba 1997 episodi ya Pokémon ilimulika nyekundu na bluu kwa kasi ya mara 12 hivi kwa sekunde, na watu zaidi ya 600, wengi wao watoto, walipelekwa hospitali. Tangu mwaka uliofuata vituo vya Japani vina mwongozo unaozuia mimuliko ya zaidi ya mara tatu kwa sekunde. Eneo linalovuka kiwango hicho hutiwa giza au hufanywa picha ziachiane vivuli. Kwenye diski za Blu-ray giza hilo mara nyingi huondolewa, na nyuso zilizochorwa kwa haraka hurekebishwa.

"Episodi za kujazia ni uvivu wa waandishi"

Sura moja ya manga ya kila wiki ina kurasa 19 hivi, na episodi moja inaweza kumeza sura mbili. Anime isiyopumzika lazima imfikie mwandishi wa manga, ambaye bado anaendelea kuiandika. Hapo njia ni chache: kubuni visa vya pembeni, kuvuta mwendo, kujitungia mwisho kama Fullmetal Alchemist ya 2003, au kusimama. Naruto ya kwanza ilibuni, na kuanzia episodi ya 136 hadi karibu na ya 220, ya mwisho, ni chache mno zilizotoka kwenye manga. Dragon Ball Z ilivuta. Toleo lake lililopunguzwa, Kai, lilianza 2009 na likaonyesha kwamba hadithi iliyochukua episodi 291 inatosha kwenye chini ya 170. Anayeanza leo atafute orodha ya episodi za kujazia na kuziruka bila wasiwasi. Mifululizo mingi ya sasa hutoka kwa misimu ya episodi 12 au 13, kwa hiyo tatizo hili limepungua sana.

"Ukisikiliza lugha nyingine hujaitazama"

Waliokulia Muscat au Dubai walimjua Captain Tsubasa, shujaa wa anime ya soka, kama Captain Majid, kwa Kiarabu, na walimpenda kwa dhati. Cha kuangalia ni kama tafsiri imekata maeneo au kubadilisha maana.

"Asiyeipenda hajaielewa"

Wengine wameielewa vizuri na bado wana haki ya kukasirika. Miili ya wasichana huwekwa mbele ya kamera pasipo sababu yoyote ya kihadithi, na mara nyingine wahusika hao wana sura na umri wa kitoto. Hilo halina utetezi, na kusema "ni michoro tu" hakulifuti. Wahusika hueleza kwa mdomo kile tunachokiona kwa macho, katikati ya pambano. Na hadithi za mtu anayekufa kisha kuzaliwa upya katika dunia ya mapanga na uchawi zimerundikana, kwa kuwa kamati huchagua riwaya ambazo tayari zina wasomaji kwenye mtandao, na wasomaji wale walipenda jambo lilelile.

Kasoro ya mwisho ni hadithi kuachwa njiani. Kamati yenye mchapishaji ndani yake inaweza kuridhika kabisa na msimu mmoja ikiwa vitabu vimeuzwa, kwa hiyo angalia kabla hujaanza kama manga imekwisha na anime imefika wapi. Ukiachwa hewani kwenye episodi ya 12, tafuta ni sura ipi ya manga inayofuata, na anza sura mbili nyuma yake, kwa kuwa episodi za mwisho mara nyingi huwa zimekatwa ili zitoshe muda.