Supu ya maharage na mboga ya kipupwe: yanayosemwa jikoni na ukweli wake

Kuanzia Juni hadi Agosti, asubuhi za Manyovu na Heru Juu, kwenye vilima vya mkoa wa Kigoma, zina baridi ambayo mtu wa Ujiji, kando ya ziwa, haijui sana. Ndipo sufuria ya maharage inapoacha kuwa kitoweo cha ugali na kugeuka supu nzito ya kunywewa bakulini. Kwa watu wanane hivi unahitaji maharage makavu nusu kilo, vitunguu maji viwili vikubwa, nyanya nne, kitunguu saumu punje tano, tangawizi kidogo, karoti tatu, viazi mviringo vitatu, robo ya kabichi, fungu moja la mchicha na mawese vijiko vitatu vya chakula. Vyote viko sokoni. Mara nyingi supu hii huharibika kwa sababu kitu kimetiwa wakati usio wake, na kanuni nyingi tunazorithishana jikoni hukosea hapo hapo.

"Chumvi ikitangulia, maharage hayaivi"

Dhana hii imeenea kuliko zote, nayo ni kinyume cha mambo yalivyo. Ganda la harage limeshikamana kwa pektini, gundi ya asili ya mimea, na pektini hukazwa na madini ya kalisi (kalsiamu) iliyomo kwenye harage lenyewe na kwenye maji magumu ya baadhi ya visima. Sodiamu ya chumvi huchukua nafasi ya sehemu ya kalisi hiyo, ganda likalegea na kulainika bila kupasuka. Kwa hiyo tia chumvi tangu kwenye kuloweka: lita mbili za maji, kijiko kimoja na nusu cha chakula cha chumvi, maharage yalale humo usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza mara mbili, bandika kwa lita tatu za maji mapya. Hapo chumvi nusu kijiko cha chai yatosha. Nyingine utaongeza mwisho baada ya kuonja.

Kinachogomesha maharage ni uchachu. Nyanya, limau na ukwaju huifanya pektini ing'ang'anie. Anayekatia nyanya kwenye sufuria ya maharage yaliyo nusu mabichi, kisha akalaumu chumvi, amemkamata asiye mwizi. Na si maharage tu: viazi vikipikwa kwenye mchuzi wenye nyanya nyingi hubaki na kiini kigumu hata ukivichemsha saa nzima. Nyanya zipikwe pembeni, ziingie maharage na viazi vikishalainika.

"Maharage yasiyoiva ni ya mbegu mbaya"

Mara nyingi mbegu haina kosa. Harage lililokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu hubadilika ndani, na halirudi kuwa laini kirahisi hata ukiliweka motoni mchana kutwa. Ndiyo maana mzigo wa msimu uliopita ukichanganywa na maharage mapya hutoa sufuria yenye punje zilizopondeka na nyingine zinazogonga meno. Ukinunua, uliza ni ya msimu upi, na usichanganye mafungu mawili tofauti hata kama rangi ni moja. Yaliyosinyaa, yenye mikunjo au matundu, yatoe wakati wa kuchambua.

Mwinuko nao una sehemu yake. Kigoma mjini, kando ya Ziwa Tanganyika, ni kama mita 770 kutoka usawa wa bahari, na maji huchemka karibu nyuzi 97. Kwenye vilima vinavyofika mita 1,500 huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Tofauti inaonekana ndogo, lakini maharage yaliyoiva kwa saa moja mjini yanaweza kudai robo saa au nusu saa zaidi huko juu. Kuongeza kuni hakusaidii, kwa sababu maji yakishachemka hayapandi joto tena, yanakauka tu. Funika sufuria, punguza moto, acha muda ufanye kazi.

"Magadi hayana madhara, tia tu"

Magadi hulainisha kweli, maana ni kinyume cha uchachu. Lakini huharibu vitamini B1 iliyomo kwenye maharage, na yakizidi supu huwa na ladha ya sabuni isiyofichika kwa kiungo chochote. Yakiwa bado yamo wakati wa kutia kabichi na karoti, mboga nazo hupondeka na kulegea kama uji. Kwa maharage mapya yaliyolowekwa, achana nayo. Kwa yale ya zamani yaliyogoma, robo kijiko cha chai kwa nusu kilo, yatiwe kwenye maji ya kuloweka na kumwagwa nayo. Kijiko kizima ni uvivu.

"Yakiwa laini, yameiva"

Hapa tusitaniane. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini. Hata punje nne au tano mbichi zinaweza kumtapisha mtu mzima ndani ya saa chache, kisha kumwendesha. Kuchemka kwa nguvu huiua; joto la chini haliiui, na kwenye moto wa taratibu usiofikia mchemko sumu hiyo inaweza hata kuongezeka. Kwa hiyo sufuria iliyoachwa juu ya majivu ya moto tangu jioni, au iliyoingizwa mapema kwenye kikapu cha kutunzia joto, inaweza kutoa maharage laini yenye kudhuru.

Kanuni ni fupi: maji ya kuloweka yamwagwe, na maharage yatokote kwa nguvu nusu saa kamili ukihesabu tangu mchemko ulipoanza. Baada ya hapo ndipo moto upunguzwe au sufuria iingie kikapuni. Kikapu chenyewe ni kizuri sana kwa anayebana mkaa, ili mradi hatua hiyo isirukwe.

Wanaosema kumwaga maji ya kuloweka ni kumwaga virutubisho vyote wanakuza mambo. Kinachotoka zaidi ni rangi na sehemu ya zile sukari zinazojaza tumbo gesi.

"Maji yakipungua, ongeza ya bombani"

Usiongeze ya baridi. Hukata mchemko, hurefusha muda na hupasua maganda. Weka birika la maji ya moto karibu na jiko.

"Bila mfupa hakuna supu"

Ladha ya mfupa inapendwa, hilo halina ubishi. Lakini upungufu unaolalamikiwa kwenye supu ya maharage kwa kawaida ni wa vitunguu vilivyokaangwa haraka haraka. Pasha mawese kwenye kikaango, tia vitunguu vilivyokatwa vidogo na chumvi kidogo, vikaangwe moto wa wastani dakika kumi hadi kumi na mbili mpaka viwe rangi ya dhahabu iliyokolea, si vilainike tu. Ndipo saumu na tangawizi vilivyotwangwa, dakika moja. Nyanya zifuate, zipikwe mpaka mafuta yajitenge pembeni, kama dakika nane. Rosti hiyo ikiingia kwenye sufuria, harufu yenyewe itajibu. Anayetaka zaidi akaange dagaa wakavu konzi moja bila mafuta, atoe vichwa, asage na kutia kijiko kimoja. Mgeni hatajua ni nini.

"Mawese yakiganda yameharibika, na lazima yachomwe mpaka yawe meupe"

Dhana mbili katika chupa moja. Mawese huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 35 hivi, kwa hiyo asubuhi ya Julai kuyakuta mazito na yenye chembechembe ni jambo la kawaida. Weka chupa kwenye maji ya moto, yatarudi. Yaliyoharibika hujulikana kwa harufu kali na ladha inayowasha koo.

Ile rangi nyekundu ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Ukiyachoma mpaka rangi ipotee umechoma kitu bora kuliko vyote vilivyokuwemo. Yapashe dakika mbili au tatu, yasifuke moshi, kisha vitunguu viingie.

"Tia mboga zote pamoja, zitaiva pamoja"

Zitaiva, ila nusu zitakuwa zimekufa. Maharage yakishalainika, tia viazi na karoti vilivyokatwa vipande vya sentimita mbili. Baada ya dakika kumi na tano vitobolewe kwa kisu. Vikipitika, mimina rosti. Dakika tano baadaye kabichi, ambayo haihitaji zaidi ya dakika nane, maana ikizidi huanza kutoa ile harufu nzito inayokimbiza watoto. Mchicha uingie mwisho kabisa, dakika tatu. Ukitumia majani ya maboga, yamenywe nyuzi na yapewe dakika tano. Nyanya chungu zikatwe mara nne, ziende pamoja na viazi.

Unga wa ngano wa kuzitisha hauna kazi hapa. Hufanya madonge na huacha ladha mbichi. Kabla ya kutia viazi, chota maharage upawa mbili, ponda kwa mwiko, rudisha.

"Pilipili hupasha mwili joto"

Huudanganya ulimi na ngozi vihisi joto, kisha mwili hutoa jasho ili upoe. Itie kwa utamu wake. Kinachopasha joto ni supu yenyewe ikiwa ya moto.

"Supu hii inaongeza damu yenyewe"

Maharage yana madini ya chuma, ila chuma cha mimea hufyonzwa kwa uchache. Vitamini C husaidia, na chai ya rangi inayonywewa pamoja na mlo hupinga. Kamulia limau bakulini, si sufuriani, na chai isubiri saa moja au zaidi.

"Kwa baridi hii, supu inalala salama jikoni"

Sufuria kubwa iliyofunikwa hubaki vuguvugu hadi usiku wa manane, na huo ndio wakati vijidudu huzaliana, hata nje kukiwa na ukungu. Gawa inayobaki kwenye vyombo vidogo, viweke kwenye beseni la maji ya baridi, na visikae nje zaidi ya saa mbili kabla ya kuingia kwenye friji. Pasipo na umeme, pika ya kuisha. Inayotoa povu au harufu ya uchachu imwagwe, hata ikichemshwa upya, kwa sababu baadhi ya sumu za vijidudu haziuliwi na moto. Iliyotunzwa vizuri itakuwa imeganda kesho yake: tia kikombe kimoja cha maji ya moto, koroga kutoka chini, ichemke kabisa, na mchicha mpya uongezwe wakati huo.