Kaskazi na kusi havitakoma? Dhana potofu tunazobeba kanisani kuhusu tabianchi na vyombo vya usafiri vya stima

Jumapili moja baada ya ibada ya pili, kijana wa bodaboda anayesali nasi aliinua kiti cha pikipiki yake nje ya geti la kanisa atuonyeshe betri. Ilikuwa pikipiki ya stima, na wengi wetu hatukuwa tumewahi kuisogelea. Betri yenyewe ni boksi jeusi lenye mshikio, zito karibu kama mtungi wa maji wa lita ishirini. Ikiisha chaji anaingia kituoni, anaichomoa, anasukuma nyingine iliyojaa, na baada ya dakika chache yuko barabarani tena. Akina mama waliuliza kama haishiki mtu stima mvua ikinyesha. Wazee wawili waliuliza jambo jingine kabisa: "Hii si ndiyo ile ajenda?"

Swali lao nililichukua kwa uzito. Walikuwa wametumiwa video kwenye kundi la WhatsApp la ushirika, mhubiri wa Marekani akisema mabadiliko ya tabianchi ni uongo wa kuwatawala watu na gari la stima ni hatua ya kwanza. Naongoza darasa la Biblia la watu wazima, na tulitumia Jumapili kadhaa kuyapima maneno hayo, Biblia mkono mmoja na taarifa mkono wa pili.

"Mungu aliahidi majira hayatakoma, kwa hiyo tabianchi ni hofu ya wasioamini"

Andiko lenyewe ni Mwanzo 8:22, ahadi baada ya gharika ya Nuhu. Katika Biblia yetu ya mwaka 1952 linasomeka kwa namna ya kwetu kabisa: "wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, mchana na usiku, havitakoma." Kiebrania kinataja majira ya joto na majira ya baridi. Watafsiri wetu waliweka pepo mbili ambazo kila nahodha wa pwani alizijua. Naupenda sana mstari huu, na ndiyo maana inaniuma unapogeuzwa kuwa ruhusa ya kufumba macho.

Mungu aliahidi kwamba majira yataendelea kuwapo. Hakuahidi kwamba mvua haitakosa. Kurasa chache tu mbele, Ibrahimu anaikimbia njaa, Isaka anaikuta njaa, kisha Misri inapigwa na njaa ya miaka saba huku Yusufu akifungua maghala. Kwetu pia, kaskazi haijaacha kuvuma, lakini kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua zilishindwa misimu mitano mfululizo kaskazini mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Mwaka 2024 masika ilikuja kwa nguvu isiyo ya kawaida, na alfajiri ya Aprili 29 maji yaliwafagia watu wa Mai Mahiu wakiwa usingizini. Niwe mkweli hapa, kwa sababu hoja njema haihitaji kutiwa chumvi: maji ya Mai Mahiu yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli baada ya njia yake kuziba, kwa hiyo si tabianchi peke yake iliyoua. Hata hivyo hewa yenye joto zaidi hubeba mvuke mwingi zaidi, na mvua ikianguka huanguka kwa kishindo. Kabla ya viwanda, hewa ukaa angani, ile inayotoka tukichoma mafuta na makaa na inayoshika joto, ilikuwa kama sehemu 280 katika kila milioni. Leo imepita 420. Mwaka 2024 ndio uliokuwa na joto kali kuliko wote uliowahi kupimwa.

Darasani tulikaa muda mrefu zaidi kwenye Matendo 11. Nabii Agabo anasimama Antiokia na kutabiri njaa kuu. Wanafunzi hawakubishana kama njaa ni dalili ya siku za mwisho, wala hawakusema Bwana ataleta mvua. Kila mmoja kwa kadiri alivyoweza, wakaazimu kupeleka msaada kwa ndugu waliokaa Uyahudi. Walisikia habari ya hatari ambayo bado haijafika, wakafungua mikoba.

"Dunia itateketea kwa moto, kuitunza ni kazi bure"

Hii hutolewa katika 2 Petro 3:10. Msomaji akiendelea mstari mmoja tu atakuta Petro anauliza tuwe watu wa tabia gani katika mwenendo mtakatifu. Hakusema basi tukate miti. Na mwenye kushikilia Ufunuo ashikilie wote, pamoja na 11:18, ambapo hukumu inawajia "hao waiharibuo nchi." Kila mmoja wetu anajua mwili wake utarudi mavumbini, na bado mtoto akiugua malaria tunampeleka hospitali usiku.

"Wanasayansi wa tabianchi wanampinga Mungu"

John Houghton, Mwelshi aliyeongoza kazi ya kisayansi ya jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi tangu 1988 hadi 2002 na kuhariri ripoti zake tatu za kwanza, alikuwa mzee wa kanisa la Kipresbiteri. Alifariki 2020. Katharine Hayhoe, mtafiti wa tabianchi anayefundisha Texas, ni Mkristo wa kiinjili na mume wake alikuwa mchungaji. Wangari Maathai wetu, aliyeanza kupanda miti na akina mama mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani 2004, alisomeshwa na masista. Papa Fransisko alitoa waraka mzima juu ya utunzaji wa dunia mwaka 2015, akaongeza wa pili Oktoba 2023. Ukienda Kilimanjaro, uliza habari za Dkt. Fredrick Shoo, aliyekuwa mkuu wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Watu humwita askofu wa miti, na huko vijana wa kipaimara hupanda miche kama sehemu ya mafundisho yao.

Basi ugomvi ule umetoka wapi? Umetoka kwenye siasa za Marekani. Uchunguzi wa kituo cha Pew mwaka 2022 ulikuta asilimia 53 ya watu wazima wa nchi hiyo wanasema joto la dunia linasababishwa hasa na binadamu, lakini kati ya Waprotestanti wa kiinjili ni asilimia 32 tu. Wanasoma Biblia ileile tunayoisoma. Kinachowatenganisha kwa sehemu kubwa ni vyama. Na hata miongoni mwao wapo waliosimama upande mwingine. Mwaka 2002 kundi la Wakristo wa kiinjili lilianzisha kampeni ikiuliza Yesu angeendesha gari gani, ili waumini watafakari mafuta wanayochoma. Video za hawa hazifiki kwenye makundi yetu. Zinafika za wale wenye hasira, nasi tunazipokea kana kwamba zimeshuka kutoka Sinai.

"Betri na programu yake ndiyo chapa ya mnyama"

Ufunuo 13 unasema chapa hutiwa katika mkono wa kuume au katika kipaji cha uso, na inahusu nani anaabudiwa. Betri iko chini ya kiti.

Lakini chini ya hofu hii lipo jambo la kweli, na naomba wachungaji walisikie. Pikipiki nyingi zinanunuliwa kwa mkopo wa kila siku, na kampuni iliyokopesha inaweza kuizima kwa mbali siku moja tu ya malipo ikikosekana. Pikipiki za petroli za mkopo nazo hufungwa vifaa vya kufuatiliwa na kuzimwa. Kwa zile za stima kuna kifungo cha ziada: betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye kituo cha nyingine. Kijana anayesaini mkataba wa kurasa nyingi asiousoma anahitaji mzee wa kanisa mwenye miwani na subira akae naye chini kabla hajatia sahihi. Biblia ina mengi juu ya riba na juu ya kuchukua rehani chombo cha mtu cha kujipatia riziki. Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kuchukua rehani jiwe la kusagia, na kwa bodaboda pikipiki ndiyo jiwe lake la kusagia.

"Hata hiyo stima inatokana na makaa na dizeli, hakuna tofauti"

Kuna nchi ambako hoja hii ina uzito mkubwa. Afrika Kusini, kwa mfano, bado inapata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka kwa makaa ya mawe. Kenya si hivyo. Karibu asilimia 90 ya stima yetu inatokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji ya mto Tana, upepo wa Loiyangalani na jua, pamoja na tunayonunua Ethiopia, ambayo nayo ni ya maji. Jenereta za mafuta huwashwa hasa saa za jioni, matumizi yanapopanda. Uganda inategemea mito, na Tanzania imejenga Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115.

Kuna jambo lililonishangaza nilipolisoma mara ya kwanza. Usiku wa manane, watu wakiwa wamelala na viwanda vimepunguza kazi, Olkaria huachilia mvuke hewani kwa sababu hakuna wa kuitumia stima yake, na upepo wa Loiyangalani nao huvuma vizuri usiku. Ndiyo maana mwaka 2023 iliwekwa bei maalumu ya stima ya kuchaji vyombo vya usafiri, nafuu zaidi usiku. Betri ikichajiwa saa nane usiku inakunywa kilichokuwa kinamwagika.

Halafu kuna injini yenyewe. Ya petroli hugeuza takriban robo tu ya mafuta kuwa mwendo. Mengine yote ni joto, lile linalokuunguza mguu ukigusa ekzosi. Mota ya stima hupeleka zaidi ya asilimia 80 ya nguvu yake kwenye gurudumu. Na petroli yote tunaagiza kutoka nje. Septemba 2023 lita moja ilipita shilingi 211 Nairobi, na kila bodaboda aliyejaza siku hizo anaikumbuka.

"Betri zina damu ya watoto wa Kongo, afadhali petroli"

Hii siiiti dhana potofu yote. Nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ni nzito. Kongo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia, nyingi kutoka mkoa wa Lualaba, na kule Kolwezi wapo watu wanaochimba kwa mikono katika mashimo yasiyo na nguzo, watoto wakiwa miongoni mwao. Watu hao wanasali kwa Kiswahili kama sisi. Masista wa Mchungaji Mwema wamekuwa Kolwezi kwa zaidi ya miaka kumi, wakiwatoa watoto migodini na kuwarudisha darasani. Papa Fransisko alipofika Kinshasa Januari 31, 2023 alisema waziwazi: ondoeni mikono yenu Kongo, ondoeni mikono yenu Afrika.

Nusu iliyopotoka ni ile ya "afadhali petroli." Kwanza, betri nyingi za pikipiki na mabasi siku hizi ni za chuma na fosfati, hazina kobalti kabisa. Anayenunua anaweza kuuliza dukani ni aina gani, na aulize. Pili, mafuta nayo yana makaburi yake. Waulize Waogoni wa delta ya Niger kule Nigeria, ambao mito yao ilijaa mafuta ghafi na ambao mtetezi wao, Ken Saro-Wiwa, alinyongwa mwaka 1995. Na kobalti yenyewe hutumika pia katika viwanda vya kusafisha mafuta, kuondoa salfa. Nikijaza petroli kwa sababu ya mtoto wa Kolwezi, mtoto huyo hajapata chochote kutoka kwangu.

"Ukinunua gari la stima umetimiza wajibu wako"

Dhana hii huwapata wale wanaojiona wameelimika, nami nimo. Afrika nzima inatoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia, kwa hiyo mzigo mkubwa wa kutubu uko kwingine, na tusiwatwishe wakulima wetu hatia isiyo yao. Kwa upande wetu, gari la stima lenye mtu mmoja ndani bado linaziba barabara ya Thika kama lolote lile. Basi la stima lililojaa watu ni jambo kubwa zaidi, na Nairobi yapo tangu 2022. Kutembea ni kukubwa zaidi. Na nyumba nyingi za washirika wetu moshi unaowadhuru hautoki kwenye gari, unatoka jikoni, kwenye kuni na makaa.

Uwanja wetu wa kanisa unaegesha magari mengi yenye dereva peke yake, huku wazee wa mtaa wa pili wakipanda matope kwa miguu kuja ibadani. Baada ya somo hili, watu wanane walijiandikisha kupitia njiani kuwachukua. Kamati nayo imepewa ombi la kuweka soketi nje ya ukumbi ili vijana wa bodaboda wenye betri za kuchaji nyumbani wazichaji wakati wa ibada, na mhazini ameomba apewe kwanza bei ya mita.

Kuhusu akina mama na mvua yao: betri na mota zimefungwa maji yasiingie, na kijana wetu alipita msimu wote wa masika akibeba abiria. Aliwaomba jambo moja tu, wasimlazimishe kuvuka mahali maji yamefika magotini, kwa sababu hapo hata ya petroli huzimika.