Kwa nini mrija wa mashine ya maabara haugusi bomba la kufyonza hewa?

Ziko mashine za maabara zinazopima madini kwa kuyachoma katika mwali wa moto au plasma, yaani gesi ya agoni iliyopashwa joto kali mno hadi ikang'aa. Juu ya tundu lake la kutolea gesi huning'inia faneli pana ya bomba la kufyonza hewa, lakini haijaligusa. Mgeni hudhani fundi alisahau kuunganisha. La, uwazi ule umeachwa kwa makusudi.

Feni ya bomba haivuti kwa nguvu ileile siku nzima. Upepo ukivuma juu ya paa, au kabati la kemikali linalotumia feni hiyohiyo likifunguliwa, mvuto hubadilika. Bomba likibanwa moja kwa moja kwenye mashine, badiliko hilo hufika hadi kwenye mwali, nao ukiyumba, vipimo navyo vinayumba. Palipo na uwazi, feni hufidia badiliko hilo kwa kuvuta hewa ya chumba na mwali hubaki umetulia.

Hatari ni feni inapozimika. Mashine ya plasma hutumia agoni lita 15 hadi 20 kila dakika, na gesi hiyo haina harufu wala rangi; ikijaa chumbani huchukua nafasi ya oksijeni. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Ikishuka chini ya 19.5, chumba huhesabiwa kuwa cha hatari. Tena mwili hauhisi kwamba oksijeni imepungua. Hisia ya kukosa pumzi huletwa hasa na kaboni dayoksaidi kuzidi mwilini, kwa hiyo mtu anaweza kuzimia bila kuona dalili. Ndiyo maana ninasisitiza king'ora cha oksijeni ukutani na kifaa cha kupima mkondo wa hewa ndani ya bomba.

Pampu za kutengeneza ombwe, yaani za kuondoa hewa ndani ya mashine, zina tabia yake. Hutoa ukungu wa mafuta pamoja na mvuke wa kemikali zilizopimwa. Mrija wake ukipanda juu moja kwa moja, utaona matone ya rangi ya chai yakiteremka taratibu kurudi kwenye pampu na kuchafua mafuta yake. Huwekwa chupa mahali pa chini ili iyadake. Mrija huo pia usiunganishwe na wa mashine nyingine, kwani mvuto ukikatika, moshi wa pampu utasukumwa ndani ya mashine ya jirani.

Wengine hutegemea kichujio cha mkaa badala ya bomba la kutoa hewa nje. Mkaa hunasa mivuke mingi ya viyeyusho, lakini haunasi kaboni monoksaidi wala haidrojeni, na ukijaa hautoi taarifa.

Kutoa mrija dirishani nako hakufai, maana upepo unaozunguka jengo huweza kuirudisha gesi kupitia dirisha la pili. Dohani ipite juu ya paa, mdomo ukitazama mbinguni bila kofia, kwa sababu kofia huipiga gesi na kuirudisha chini.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha chochote, shika kipande cha karatasi laini kwenye ukingo wa faneli. Kikiinama kuelekea ndani, feni inavuta. Kikining'inia wima, usiwashe mashine.