Kusoma mitandao ya kompyuta chuoni: neti ikikataa, imekatalia wapi?

Wanafunzi wapya wanaojiunga na vyuo vikuu vya huku kwetu, iwe Maseno, Kakamega au Bondo, wengi hufika wakidhani somo la misingi ya mitandao ni la kufunga Wi-Fi. Wazazi nao huuliza kama kijana atatoka huko akijua kuvuta nyaya. Atajua, na ni kazi ya heshima, ila hiyo angeweza kujifunza kwa fundi mzuri yeyote pale Kisumu mjini. Chuoni tunamdai zaidi: neti ikikataa, aweze kusema imekatalia wapi na kwa nini, kabla hajang'oa waya hata mmoja.

Mwanafunzi akiniambia, "Mwalimu, neti imepotea," namwambia aandike amri ya ping, inayouliza mashine nyingine kama ipo, pamoja na anwani ya rauta ya maabara (kifaa kinachounganisha mtandao wa ndani na wa nje), tuseme 192.168.1.1. Rauta ikijibu, basi waya, swichi (kisanduku kinachounganisha kompyuta za maabara) na kadi ya mtandao viko sawa. Kisha ajaribu anwani iliyo nje, kama 8.8.8.8. Hiyo nayo ikijibu ilhali tovuti hazifunguki, njia haina kasoro. Wa kushukiwa kwanza ni DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Kwa amri mbili tu ameshajua asipoteze muda wapi.

Hapo ndipo matabaka, yaani ngazi zinazogawana kazi ya mtandao, yanapopata maana. Mfumo wa OSI, uliochapishwa na shirika la viwango la ISO mwaka 1984, una matabaka 7, na kila muhula nakutana na watu walioyakariri yote saba kama shairi. Uliza swichi hufanya kazi tabaka gani, utajibiwa "la pili" bila kusita. Uliza maana yake, kimya. Maana yake ni kwamba swichi ya kawaida husoma anwani ya MAC, ile ya biti 48 ambayo kadi hutoka nayo kiwandani, na haishughuliki na anwani ya IP, ile namba kama 192.168.1.1; anayesoma IP ni rauta. Ndiyo maana kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja, swichi moja, zitaendelea kutumiana mafaili hata rauta ikizimwa. Mwanafunzi akinieleza hilo kwa maneno yake, majina ya matabaka akiyasahau simlaumu.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni pakiti. Picha ya megabaiti 3 haisafiri nzima. Kwenye Etheneti, mtandao wa waya wa kawaida, pakiti kwa kawaida haizidi baiti 1,500, kwa hiyo picha hiyo hukatwa vipande zaidi ya 2,000, kila kimoja kikiwa na anwani ya kinakotoka na kinakokwenda. Wazo hili lilizuka miaka ya 1960 kwa watu wawili waliokuwa mbalimbali, Paul Baran wa Marekani na Donald Davies wa Uingereza. Sasa angalia: IP, kanuni inayobeba vipande hivyo, haiahidi chochote. Kipande kikipotea kimepotea, vikifika shaghalabaghala ni shauri yako. Ni TCP, kanuni nyingine iliyo kwenye mashine za ncha mbili, inayovipa namba, inayongoja risiti na kutuma tena kisichofika. Katikati hakuna anayejali, na bado picha inafika kamili. Simu ya video huchagua tofauti, mara nyingi hutumia UDP, isiyotuma tena kilichopotea, kwa sababu neno lililopotea sekunde mbili zilizopita halina faida likiletwa sasa.

Kuna pia suala la kasi, ambalo matangazo ya bando yamelivuruga. Megabiti nyingi hazipunguzi umbali. Mwanga ndani ya faiba huenda kama kilomita 200 kwa milisekunde moja. Kisumu hadi Mombasa ni kama kilomita 700 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kushuka chini ya milisekunde 7, ulipe unavyolipa. Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, tulitegemea setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 angani; swali na jibu vilikula karibu nusu sekunde kwa safari peke yake. Na Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ikawa ya kusuasua nchini. Tovuti iliyo kwenye sava ya humu nchini inaweza kufikiwa kupitia kituo cha kubadilishana data cha KIXP bila kugusa bahari. Anayejenga mfumo wa hospitali ya kaunti afikirie hilo mapema.

Hesabu ya kugawa anwani ipo, nayo ni ya kalamu na karatasi. Mtandao wa /24, yaani ule ambao biti 24 za mwanzo kati ya 32 za anwani ni za mtandao, una anwani 256, zinazotumika ni 254, kwani ya kwanza ni jina la mtandao wenyewe na ya mwisho ni ya kutangazia wote. Una maabara nne zenye kompyuta 50 kila moja? Ugawe kuwa /26 nne, kila moja nafasi 62. Vikokotoo vya mtandaoni vipo, lakini chumba cha mtihani hakina.

Jambo moja ambalo vitabu vya ng'ambo hulipita haraka, sisi wa ukanda wa ziwa tunalikalia: radi. Waya wa shaba uliovutwa kutoka jengo moja hadi jingine, radi ikipiga karibu, hupitisha umeme na kuunguza poti za swichi pande zote mbili. Kati ya majengo weka faiba, kwa sababu kioo hakipitishi umeme. Ila ukague: faiba nyingine zina ganda la chuma, na hilo lazima lifungwe ardhini. Ndani ya jengo shaba inatosha, mradi usivuke mita 100.

Packet Tracer, programu ya kuigiza mitandao, na Wireshark hupatikana bure. Wireshark inaonyesha pakiti zinazopita, kwa hiyo itumie kwenye mashine yako, si kuchungulia ya mwenzako hosteli. Kunasa mawasiliano bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Zoezi la kwanza: iwashe, fungua tovuti moja, utafute SYN, SYN-ACK na ACK, pakiti tatu ambazo TCP huanza nazo. Ukikuta UDP kwenye poti 443 (hapa poti ni namba ya huduma, ya tovuti salama, si tundu la waya) badala yake, hujakosea. Hiyo ni QUIC, kanuni mpya inayofanya kazi ya TCP juu ya UDP, na tunaifikia baadaye katika muhula.