Pulsa si mnara wa Kigomasha

Nikizungumzia pulsa hapa Pemba, yaani nyota ya nutroni (kiini kilichoshindiliwa cha nyota iliyokufa) inayozunguka na kututumia mapigo ya mionzi, hakosekani mtu wa kunimalizia: "Aa, kumbe ni kama mnara wa taa wa Kigomasha!" Safari hii kanambia mwalimu wa fizikia wa skuli, na keshawasomesha watoto hivyo hivyo. Basi naandika.

Mnara unafaa kwa jambo moja: nyota ya nutroni haiwaki na kuzimika, inazunguka tu na mwale unatupitia. Lakini mtu akishaushika mnara huona taa moja, juu ya ncha ya sumaku, inayotoa mawimbi ya redio na mionzi ya gama pamoja. Hilo silikubali.

Itazameni pulsa ya Vela, inayozunguka mara 11 kwa sekunde. Kwenye redio ina kilele kimoja cha mwangaza kila mzunguko. Kwenye gama vipo viwili, na cha kwanza huja baada ya kile cha redio, kimechelewa zaidi ya sehemu ya kumi ya mzunguko. Pulsa ya Geminga nayo inang'ara kwa gama, na redio yake karibu haipo. Taa moja itafanyaje hayo?

Redio, kwa pulsa nyingi, hutoka chini, karibu na uso wa nyota, juu ya ncha. Gama ingetoka huko, uga wa sumaku ungeimeza ile yenye nishati kubwa na spektra (mgawanyo wa mionzi kwa nishati) ingekatika ghafla mno. Darubini ya anga ya Fermi, iliyorushwa 2008, ilionesha haikatiki hivyo. Kwa hiyo gama inatoka mbali, karibu na silinda ya nuru, pale ambapo kinachozunguka pamoja na nyota kingefikia kasi ya nuru, au nje yake kidogo. Vilele ni vikali kwa sababu fotoni (chembe za nuru) zilizotoka vimo mbalimbali juu ya nyota hutufikia kwa pamoja.

Zinazonikosesha usingizi khasa ni pulsa za milisekunde, zinazozunguka mara mamia kwa sekunde. J1748-2446ad huzunguka mara 716 kwa sekunde. Silinda yake ina nusukipenyo cha kilomita 67 hivi, karibu urefu wa Pemba nzima. Hapo "chini" na "mbali" vinakaribiana. Kwenye B1937+21 vilele vya redio na gama vinaangukiana, kwa hiyo huenda hata redio yake inatoka mbali. Na mara nyingi nikibadili pembe baina ya mhimili wa sumaku na wa mzunguko, pamoja na pembe tunayoitazamia nyota, modeli mbili zinazopingana zinaikubali data ile ile. Jocelyn Bell aliigundua pulsa ya kwanza 1967, na mpaka leo hatujakubaliana redio inazalishwa vipi. Simulesheni zetu za chembe zenye chaji zilizoizunguka nyota nazo, kwa kuwa kompyuta haziwezi zaidi, hutumia uga wa sumaku dhaifu mno kuliko ule wa nyota yenyewe.